Yule Mrefu wa Mbele

Dieumerci wangu,

Mambo ya kuvaa trikoo ya baridi, ya kula kabla chakula hakijapoa, ya kutopoteza karatasi za safari, sitayaandika hapa. Dada yako Neema ameyasema wiki nzima mpaka sauti imemkauka, na mjomba wako Faustin atayarudia ukifika. Mimi nina swali. Nimekaa mlangoni, mashine yangu ya kushona imefungwa, jua linanipa mwanga kidogo, kesho unaondoka, na swali langu bado halijapata jibu lake lote: yule mrefu wa mbele, kwa ule mpira wao wa Australia, kazi yake ni nini hasa?

Cheka tu. Najua unavyocheka, mabega yanatikisika, sauti hakuna. Lakini mtu akitaka kumchukua mtoto wangu kwa sababu ni mrefu, lazima nijue urefu huo wanaenda kuufanyia nini. Hapa kwetu Ituri nimeona watu wakitafuta warefu. Hawakuwa wakiwatafutia kucheza.

Unakumbuka habari ilivyokuja. Faustin, kitinda mimba wa mama yangu, alitoka hapa kupitia Uganda kabla mambo hayajaharibika kabisa, akafika Australia. Karatasi zako alizianza zamani, tukasubiri mpaka tukasahau tunasubiri nini. Halafu zikatoka, na pamoja nazo ikaja kaseti ya video. Papa Jérôme jirani yetu, ambaye biashara yake inampeleka Kampala kila mara, ndiye aliyeileta, na huko alizungumza na Faustin kwa simu. Akaingia hapa na vumbi la safari bado kwenye nyusi. "Mama Dieumerci, Faustin anasema uangalie hii vizuri. Timu ya mtaani kwake ina kocha. Kocha ameona picha ya kijana, ameuliza kitu moja tu: iko na urefu gani?"

Picha ile ni ya kijijini kwetu Bule, ya zamani, kabla hatujakimbia. Umesimama mbele ya nyumba yetu, kichwa kinakaribia mabati ya baraza. Nilitaka kufurahi, nikashindwa. Kijana wa kwenye picha na kijana aliyekuwa amekaa mbele yangu akila sombe hawakuwa na mgongo mmoja. Nikajiuliza, huyo kocha atapokea nini pale uwanjani? Faustin atasema nini? Na weye utasema nini?

Basi tukaenda kuangalia. Ile sale ya video, chumba cha Papa Jérôme cha kuonyeshea filamu, ilikuwa imejaa vijana waliokuja kuona karate, na badala yake wakawekewa watu wenye kaptura fupi wakigombania mpira wenye umbo la yai. Kelele! "Papa Jérôme, rudisha karate!" Mmoja akasema mpira umepasuka, ndiyo maana umebonyea. Mimi nilikaa mbele kabisa, mkeka wa kwanza, kama niko kanisani. Sikuelewa hata kidogo, na unanijua, kitu nisichokielewa kinaniwasha mwili mzima.

Kwanza ile miti. Minne, imesimama wima, bila wavu, bila mti wa juu. Ukipitisha mpira kati ya ile miwili mirefu ya katikati, pointi sita, na mzee mmoja mwenye koti jeupe kama la daktari anapeperusha bendera mbili. Hapo sawa. Lakini ukikosa, mpira ukapita kando kidogo, kati ya mti mrefu na mti mfupi, wanakupa moja. Nikamuuliza Papa Jérôme kwa sauti, "Wanamupa mutu pointi juu ya kukosa?" Akasema ndivyo Faustin alivyomweleza. Nikasema hiyo nchi ni nchi gani? Mimi nimeishi hapa miaka yote hii na sijawahi kukosa kitu nikapewa hata asante. Watu wakacheka, lakini nilikuwa nauliza kweli. Mpaka leo nauliza. Ukijua jibu, niambie: wanampa moja kwa sababu wanamhurumia, au kwa sababu alithubutu kupiga?

Halafu nikamwona yeye. Mkubwa, miguu kama ya korongo, amesimama karibu na miti ile, na nyuma yake kuna mwingine amemganda kama kupe. Nikafikiri, huyu anasubiri. Mrefu si kazi yake kusubiri tu? Mpira uje juu, anyooshe mkono, amalize. Kumbe! Mwenzake alipoinua kichwa kule mbali na mpira mkononi, huyu mrefu akachomoka mbio akiyaacha magoli mgongoni. Nikapiga kelele, "Anakimbilia wapi? Magoli iko nyuma!" Papa Jérôme akasema, "Mama, nyamaza tuangalie." Lakini na yeye hakuelewa, maana alirudisha kaseti nyuma bila kuombwa. Tukaangalia tena. Mrefu anakimbia kuufuata mpira, anakutana nao njiani mbele ya yule kupe wake, anaudaka kifuani, na mara anapoudaka watu wote wanasimama. Ndiyo sheria yao. Aliyedaka mpira uliopigwa kutoka mbali haguswi tena. Wanamwachia nafasi, anageuka pole pole, anavuta pumzi, anapiga.

Hapo, mwanangu, nilianza kufikiria Bule.

Baba yako alikuwa ameshatuacha, Mungu amrehemu, tumbo lilimwua kabla vita haijaanza. Vita ilipoanza nilisikia milio upande wa mabonde, nikaona watu wakipita na magodoro kichwani, nikasema ngoja kwanza. Nilikuwa na nguo za koral, waimbaji wa kanisa, za kumalizia, kola nyeupe, zimebaki chache. Kila mtu aliyepita alinigongea dirisha, "Mama Dieumerci, bado uko?" Nikajibu bado nipo. Nilikuwa na akili kwamba mambo yakifika mlangoni ndipo nitajua la kufanya. Yalipofika mlangoni hapakuwa na la kufanya zaidi ya kukimbia na kilichokuwa mkononi. Tungetoka mapema, njia ilikuwa wazi, hakuna aliyekuwa akiangalia urefu wa mtu. Mimi nilisubiri chini ya miti. Sikujua kwamba mtu anaweza kwenda kukutana na jambo likiwa bado njiani, akachagua yeye mahali pa kulipokea.

Majina ya makabila sitayaandika, yamechosha na yamezika watu wa kutosha. Unajua mwenyewe. Urefu uliutoa kwa mama yangu mimi, jina uliloandikwa ni la upande wa baba yako. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na sababu yake ya kukuua. Tulipokaribia ile bariyeri ya kwanza, kamba imefungwa barabarani na wenye bunduki, niliona kutoka mbali wanachofanya. Warefu wanatolewa mstarini, wanakalishwa kwenye majani. Hawaulizi jina, hawaulizi kijiji. Jicho linapanda juu na kushuka, basi.

Weye ulikuwa unaonekana kuliko wote. Hata kama ningekufunika kwa kanga ungeonekana. Nikachukua kichwa cha mashine ya kushona kilichokuwa kimefungwa ndani ya blanketi, nikakubandika mgongoni, kamba nikaipitisha kwenye paji la uso kama mama anayetoka shambani na kuni. Mvulana habebi hivyo, najua, uliniangalia kama nimekuvua nguo. Nikakwambia, "Inama. Inama zaidi. Weye ni kibiongo tangu kuzaliwa, na ukinyooka hata kidogo nitakohoa."

Kijana wa bariyeri hakukuzidi umri. "Huyu iko na nini?"

"Mugongo yake iko mugonjwa, mwanangu. Tangu tumboni."

Akakuchokoa na mdomo wa bunduki pale mzigo ulipo, akacheka, akawaita wenzake waje kuona kibiongo mwenye miguu ya twiga. Na mimi nikacheka nao. Nilicheka vizuri, nikaongeza na utani wangu, nikasema hata mke hatapata. "Pita, Mama ya Kibiongo." Tukapita. Nyuma yetu wale wa kwenye majani walikuwa bado wamekaa. Kucheka kule sikujutii, kulikupitisha. Ninachojutia ni kwamba sikukuangalia usoni nilipokuwa nacheka.

Hapa Bunia unajua tulivyoishi. Mji ulikuwa wa hawa, ukawa wa wale, ukarudi kwa hawa, na kila waliokuja walifunga kamba yao barabarani. Kila mara nilikohoa, ukajikunja. Kartye nzima, mtaa wote, ikakujua kwa jina lile la Kibiongo. Baadaye sikuhitaji kukohoa, ulikuwa umeinama asubuhi mpaka jioni, hata ndani ya nyumba, hata ukila. Nikasema afadhali, amezoea, ameokoka. Nilijisifu, Dieumerci. Nilijiona mama mwenye akili.

Halafu wakaja askari wageni na magari yao meupe, bariyeri za njia ya uwanja wa ndege zikatolewa, watu wakaanza kutembea. Nikakuambia, "Sasa nyooka, yameisha." Ukasema, "Ndiyo, mama." Ukabaki vile vile. Nikakusema, nikakutania, nikakupandishia sauti. "Ndiyo, mama." Nilipokushonea koti la safari nilikupima mara mbili, koti likatoka na makunyanzi mbele na kupanda nyuma kama la mzee wa miaka themanini. Nikakupeleka kwa enfirmye, yule muuguzi wa kituo cha afya. Akakugonga gonga mgongo wote, akaniambia, "Mifupa ni mizima. Hapa hakuna ugonjwa." Nilitoka pale nimekasirika. Ningependa aniambie kuna ugonjwa, ningejua nitafute dawa gani.

Rudi sasa kwenye video, maana bado sijamalizana na yule mrefu. Mara ya tatu mpira ulikwenda juu sana, hauna mwenyewe, wanaume wanne chini yake. Yeye akaja kutoka nyuma, akaweka goti kwenye bega la mtu, goti kabisa, akapanda hewani kama anapanda ngazi, mikono yote miwili juu, kifua wazi, tumbo wazi, mahali pote pa kumpiga mtu pako wazi, akaudaka. Hata waliotaka karate walipiga makelele. Nikasikia Neema ananivuta kitenge. "Mama, angalia Yaya," anavyokuita weye kaka yake.

Nikageuka. Ulikuwa ukutani nyuma, umesimama. Umesimama, mwanangu! Mikono juu, vidole vimegusa mabati ya sale, uso umefunguka, mdomo wazi kama mtoto mdogo. Sikujua umeongezeka kiasi kile. Na vumbi la watu kurukaruka likaniingia kooni, nikakohoa.

Ulijikunja pale pale. Mikono ilishuka, mgongo ukapinda, macho bado yako kwenye video. Weye mwenyewe hukujua. Sidhani unajua hata sasa unaposoma.

Kesho yake nilimbana Neema jikoni. Huyo mtoto kwa kuficha mambo angefaa kuwa karani. Nikamuuliza, "Yaya yako anasimama?"

"Anasimamaka kila siku, mama. Kama weye haiko."

"Na juu ya nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Akanieleza kwamba kule bombani, mnapokwenda kuchota maji, unanyooka ukivuka tu ukuta wa kanisa. Sikumwamini. Nikaacha suruali ya mtu kwenye mashine, nikakufuata kwa mbali, mama mzima ananyemelea kama mwizi wa kuku, nikajibanza nyuma ya ule ukuta. Kweli ulikuwa umenyooka. Watoto wa bombani walikuwa wamefunga majani ya ndizi na kamba, wakayakaza mpaka yakawa na umbo lile la yai, wakakurushia juu. Na hapo ndipo nilipopata nusu ya jibu langu, maana kulikuwa na kitu sikukielewa kwenye kaseti. Mara nyingi yule mrefu hadaki. Anaruka pamoja na maadui wawili, watatu, wanamvuta, wanamsukuma, anaugonga mpira tu kwa ngumi unaanguka chini, na watu wanampigia makofi. Nilimwambia Papa Jérôme, mbona wanasifu mtu aliyeangusha? Kule bombani nikaona. Uliruka juu ya wavulana wakubwa, ukaugonga ule mpira wa majani ukaanguka mbele ya wadogo, na wale wadogo ambao wasingeufikia hata kwa ngazi wakauokota, wakakimbia nao wakipiga vigelegele. Mara ya pili ukafanya hivyo hivyo. Hukuwa unashindwa kudaka. Ulikuwa unawaletea.

Hakuna aliyekufundisha hilo. Uliangalia kaseti moja na mimi, mimi nikaona miguu na miti, weye ukaona kazi. Baba yako alikuwa mfupi, unajua, siku ya harusi yetu nilikunja magoti ndani ya gauni ili tulingane kwenye picha, na magoti yaliniuma siku tatu. Jioni ile akaniambia, "Muke yangu, siku nyingine simama, mimi nitatafuta jiwe ya kupanda." Nilidhani anatania. Maisha yangu yote nimefikiri urefu ni kitu cha kuwaombea watu radhi. Wa juu sana kwa wanaume, wa juu sana kwa picha ya shule, na mwisho wa juu sana kwa bunduki. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali mtu mrefu amewekwa mbele makusudi ili wafupi nao wapate.

Nilitamani kuita jina lako. Nilishika mdomo kwa mikono miwili, kifua kinanikereketa, machozi yananitoka, nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Nilikaa kwenye mashine na sikushona kitu. Nilikuwa nimetafuta ugonjwa kwenye mifupa yako, kwenye woga wako, kwenye ukaidi wako. Sikuwa nimetafuta upande wangu. Zile bariyeri zote zimetolewa barabarani, mwanangu, imebaki mimi.

Sikuandikii ili unihurumie. Ingebidi nifanye tena, ningefanya tena, ningekubebesha mashine na meza yake juu. Nakupenda na nilikutaka hai, na uko hai. Lakini mtu anaweza kuwa dawa ya siku moja halafu akawa sumu akiendelea, na ni vigumu kuliona hilo ukiwa ndiye mwenyewe. Huko unakokwenda utakutana na watu wengi watakaokupenda. Waangalie hao nao, uone mgongo wako unafanya nini wakiingia chumbani. Sijui kama nasema vizuri. Mimi mwenyewe nimelijua juzi.

Na huko uwanjani, watakapokuweka mbele, usisubiri chini ya miti kama mama yako. Toka ukaupokee mpira njiani. Ukishindwa kuudaka, unajua pa kuuangusha. Ukikosa, chukua hiyo pointi yao moja, halafu uniambie wanaitoa kwa nini, maana hilo bado linaninyima usingizi. Na nataka kujua pia yule unayemwekea goti begani, baada ya mchezo mnasalimiana?

Sasa sikia, na usikasirike mpaka umalize kusoma. Kesho sitakusindikiza. Nimesema wiki nzima kwamba nitakuja mpaka kwenye ndege, nimewaambia hata majirani, nilikuwa nimetoa kitenge changu cha Pasaka. Sitakuja. Nikitembea kando yako utatembea umeinama mpaka mlango wa ndege, utaingia hivyo, na hao wa Australia watampokea kibiongo wangu badala ya mtoto wangu. Barua hii Neema atakupa alfajiri. Mimi nitakuwa nimeshatoka, na usinitafute. Jana ulipokula nilikuangalia sana, ukauliza kuna nini, nikasema hakuna. Ndiyo ilikuwa kuagana kwetu, nisamehe kwamba nilikuwa peke yangu niliyejua.

Neema na Papa Jérôme watakupeleka kwa miguu. Asubuhi kuna watu wengi kando ya njia ile, wauza mikate, wauza mkaa, wenye baiskeli. Usipite pembeni. Pita katikati, waache wakuone wote. Na lazima patakuwa na mmoja atakayeuliza, kama tulivyoulizwa miaka hii yote, huyu mrefu ni wa nani. Nimemwambia Neema ajibu kwa sauti kubwa, mbele ya kila mtu, kwamba ni wa mama yangu mimi, huyo aliyekupa urefu.

Mama yako